Bei kikomo ya dawa za hospitali: ianzie wapi?

Mfamasia, Ngara: Wanaotaka serikali iweke bei kikomo nawaunga mkono, ila kikomo kisianzie kwenye kaunta ya kemisti. Pigeni hesabu. Tuseme dawa ya presha imefika Mombasa kwa shilingi 100. Mwagizaji anaongeza asilimia 15, muuzaji wa jumla 15 juu yake, kemisti 33. Mgonjwa analipa 176. Ukimbana kemisti peke yake, ataacha kuiweka dawa hiyo, basi. Afrika Kusini walianzia juu: tangu 2004 mtengenezaji au mwagizaji ana bei moja kwa wanunuzi wote wa sekta binafsi, bonasi za pembeni ni marufuku, na kemisti anatoza ada yenye kikomo.

Mwenye kemisti, Kitengela: Daktari, ada hiyo ndiyo iliyowafikisha kortini. Mwanzoni ilikuwa asilimia 26, isizidi randi 26. Dawa ya randi 5,000 inataka friji na mtaji, na ikiharibika hasara ni ya duka, lakini ada ni randi 26 zilezile. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilisema ada hiyo haifai. Tukiiga, ada iende kwa ngazi kulingana na bei ya dawa, la sivyo maduka ya mashinani yatafungwa kwanza.

Mnunuzi wa hospitali, Upper Hill: Nakubali kuhusu ngazi. Ila wapo wanaosema tuchukue bei za nchi tano tupige wastani. Hapo nakataa kabisa! Bei zinazochapishwa mara nyingi sizo zinazolipwa. Punguzo limefichwa ndani ya mkataba wa siri. Azimio la 2019 la Mkutano wa Afya Duniani, kikao cha nchi wanachama wa WHO, lilihimiza nchi zitoe bei halisi, lakini halimlazimishi yeyote.

Badala ya bei za nje, India wanatumia soko lao wenyewe: wastani wa bei ambayo muuza rejareja hununulia chapa zote zenye angalau asilimia 1 ya soko, kisha asilimia 16 ya faida ya duka. Udhaifu wake ni kwamba kikomo kinafuata dawa na kipimo kilichoorodheshwa. Ukidhibiti amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5 peke yake, kampuni inasukuma kidonge cha mseto, yaani kilichochanganywa na dawa nyingine, kisichomo kwenye orodha.

Mfamasia, Ngara: Basi orodha itaje vipimo vyote na mseto wake, na mwagizaji aoneshe ankara ya forodha kabla bei haijapitishwa.