Gallowglass badala ya Woad Raider: naombeni ushauri

Wakuu, natengeneza modi (toleo lililorekebishwa) ya mchezo wa kompyuta Age of Empires II ili Wakelti wafanane na Uskoti na Ireland za karne ya 13. Woad Raider, askari wao maalum aliyejipaka buluu, hafai kabisa: rangi ya buluu mwilini Julius Caesar aliitaja alipoandika kuhusu Wabritoni wa mwaka 54 KK, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya William Wallace, shujaa wa Uskoti. Namweka gallowglass, askari mamluki wa Kigaeli mwenye deraya ya pete za chuma na shoka la mpini mrefu. Mwaka 1259 Aedh O'Connor, mwana wa mfalme wa Ireland ya magharibi, alioa binti wa Hebrides (visiwa vya magharibi mwa Uskoti) aliyekuja na wapiganaji 160 wa namna hiyo.

Nakwama kwenye kasi. Nikifuta bonasi ya Wakelti ya kasi ya 15% kwa askari wa miguu, hata wapiga mikuki wanazorota. Nikimpunguzia kasi gallowglass peke yake, mishale inammaliza kabla hajafika. Nimwongezee deraya ya mishale pointi ngapi? Na bonasi ya Wakelti ya mitambo ya kuzingira ngome niiache? Ule mtambo mkubwa uliotumika kuzingira ngome ya Stirling, Uskoti, 1304, ulikuwa wa Edward I, mfalme wa Uingereza, si wa Waskoti.