Kiyoyozi kinapuliza lakini hakileti baridi, gesi imeongezwa mara mbili

NesiWaUsiku

Habari zenu wadau. Naomba msaada, nimechoka kabisa. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi wangu ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Naishi Imara Daima, ghorofa ya juu kabisa, na juu ya dari yangu hakuna kitu ila zege na jua. Watu hushangaa wakisikia nina AC Nairobi, na mwezi wa saba hata mimi huisahau. Lakini Februari hii, saa nane mchana, ukuta wa chumba ukiugusa ni kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Ni ile ya ukutani, BTU 12,000, ina mwaka wa tatu. Mwishoni mwa Novemba ilianza kulegea. Fundi akaja, akaunganisha geji ya kupima presha, akasema gesi imeisha, akaongeza, nikalipa 4,500. Ikapoza vizuri wiki chache tu. Katikati ya Januari akaja tena, akaongeza tena, 4,500 nyingine. Sasa imerudi palepale. Nimeweka 18, feni ya ndani inazunguka, mashine ya nje inanguruma kule roshani kama kawaida, lakini kinachotoka ni upepo tu. Filta niliosha Jumapili. Fundi anasema tuongeze tena au ninunue mpya.

Juzi mchana mzima nililala kwa muda wa saa mbili tu. Usiku nikasoma karatasi ya dawa ya mgonjwa mara tatu ndipo nikaamini nimesoma sawa. Sitaki kufika hapo tena.

MtotoWaMvita

Pole sana dada. Hebu tazama kwanza rimoti, ile alama iwe ya theluji, isiwe ya jua. Halafu angalia mpira wa maji. Kwetu Mombasa AC isiyodondosha maji ujue haipozi.

Baba_Pacha

Yangu ilikuwa kapasita, kile kidude cha stima kinachoisaidia kompresa, yaani pampu ya gesi, kuwaka. Feni ya nje ilizunguka vizuri, kumbe kompresa haiwaki, inaguna tu kisha inanyamaza. Ilibadilishwa ikapona siku hiyo hiyo. Ila usifungue mwenyewe, kapasita hubaki na stima hata ukishazima.

FundiBaridi

Dada, pole na zamu. Kabla hujatoa shilingi nyingine, elewa jambo moja: gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Aliyeongeza mara mbili bila kutafuta tundu amekutekea maji kwa pakacha.

Hayo ya mpira wa maji, ndugu yangu wa Mvita, huku yatampoteza. Maji yale ni unyevu wa hewa, na Februari ya Nairobi ni kavu. AC nzima huku inaweza kudondosha kidogo sana na chumba kikapoa.

Dada, fanya hivi. Weka 18, feni kasi ya juu, subiri dakika 20. Pima kwa kipimajoto hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, AC inafanya kazi, jua la dari ndilo linaishinda. Ikiwa chini ya 5, nenda roshani uangalie mabomba mawili yanapoingia kwenye mashine ya nje. Nene linapaswa kuwa baridi. Ukikuta barafu kwenye jembamba huku nene ni vuguvugu, gesi ni pungufu. Likiganda nene pamoja na koili ya ndani, yaani yale mabomba ya baridi nyuma ya filta, hewa haipiti, tafuta uchafu. Yakiwa yote mawili na joto la kawaida, kompresa haisukumi, hapo turudi kwa kapasita ya Baba Pacha.

NesiWaUsiku

Nimetoka roshani sasa hivi. Inayoingia ni 29, inayotoka 26. Bomba jembamba lina utando mweupe wa barafu karibu na nati, urefu wa kidole. Nene ni vuguvugu. Na chini ya nati ya lile nene kuna doa jeusi la mafuta, vumbi limegandia juu yake. Siku zote nilidhani ni uchafu wa roshani.

FundiBaridi

Hilo doa linatosha kabisa kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, na gesi ikitoroka huyaacha pale pale ilipopita. Zima AC na swichi yake ya ukutani, maana ikizimwa presha ya bomba nene hupanda na tundu huonekana upesi. Koroga sabuni ya vyombo iwe na povu zito, paka kwenye nati kwa sifongo, utazame bila haraka. Usiikaze kwa spana. Ukizidisha, mdomo wa bomba la shaba ulio ndani ya nati unapasuka.

Ukiona povu, mwulize fundi kama ana naitrojeni, pampu ya vakyumu na mizani. Asipokuwa navyo, tafuta mwingine. Gesi iliyobaki aivute kwenye mtungi, asiiachie hewani. Akate ncha ya bomba, atengeneze mdomo upya, ajaze naitrojeni kwa presha kuona kama bado inavuja, kisha anyonye hewa yote mabombani kwa pampu ya vakyumu. Hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hivyo wakati wa kunyonya sindano ya geji husimama karibu na inchi 25 za zebaki, haifiki 30 kama pwani. Mafundi wageni wa Nairobi hudhani pampu ni mbovu.

Mwisho ni kujaza kwa kupima. Kibandiko cha mashine ya nje kina aina ya gesi na uzito wake. R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125 nusu kwa nusu, huingizwa ikiwa majimaji. Ikiwa ni R32 tupu, asisogeze moto karibu, inaweza kuwaka.

NesiWaUsiku

Kibandiko kinasema R410A, kilo 0.98. Fundi wa kwanza hakuja na mizani mara zote mbili, nakumbuka vizuri.

Nimepaka povu. Mwanzo hakuna kitu. Nikachuchumaa pale, kama dakika ya tatu kikatokea kiputo kidogo kama punje ya mtama upande wa ukutani, kikapasuka, kikaja kingine palepale. Nimekirekodi kwa simu. Nimepata fundi mwingine, nikamtumia video, na kabla sijauliza akataja naitrojeni mwenyewe. Anakuja Ijumaa saa tatu asubuhi, nikitoka zamu. Asante sana fundi, Mungu akubariki.