Mtoto wa miezi minane mwenye vipele visivyokwisha: niendelee kusubiri au niombe rufaa kwa daktari bingwa wa ngozi?

Mama Sabra

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi minane, na tangu alipofikisha miezi mitatu mashavu yake yamekuwa makavu, yenye vipele vidogo vinavyotoa majimaji na kisha kukauka kama magamba. Sasa vimeenea hadi mikononi na miguuni. Usiku ndipo hali huwa mbaya zaidi: hujisugua uso kwenye shuka, na asubuhi nakuta madoa madogo ya damu pale alipolaza shavu. Nimempeleka kituo cha afya mara tatu, na mara zote nimeambiwa kuwa ni joto, akikua vitaisha vyenyewe. Jirani alinipa krimu iliyomfaa mwanawe. Nilipompaka, vipele vilitulia kwa siku nne, nilipoacha vikarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Bibi yake anaona kumpeleka mtoto kwa bingwa kwa sababu ya vipele ni kukuza mambo, na ameshauri asipewe mayai kabisa. Ni wakati gani mzazi anapaswa kusisitiza apewe rufaa?

Baba Imani

Pole sana, Mama Sabra. Ugonjwa wa mwanangu haukuwa kama wa binti yako, lakini neno hilo la "vitaisha vyenyewe" nalifahamu vizuri. Alipokuwa na wiki tatu tuliona kidoa chekundu kwenye kope ya juu, kidogo kama chembe ya mtama. Tukaambiwa kuwa ni alama ya kuzaliwa, tusihangaike. Alipotimiza miezi miwili kilikuwa kimevimba kama punje ya karanga, na jicho halifunguki lote.

Bingwa alitueleza kwamba ule ni uvimbe wa mishipa ya damu, na kwamba ni kweli uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida hunywea wenyewe kadiri miaka inavyopita. Walichokosea waliotutuliza ni hesabu ya wiki. Hukua kwa kasi kubwa kati ya wiki ya tano na ya saba, na mtoto anapofika miezi mitatu huwa kwa kawaida umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Ukiwa kwenye kope, hulikandamiza jicho na kuziba mwanga katika umri ambao ubongo ndio kwanza unajifunza kuona. Dawa ipo, nayo ni propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza mwaka 2008 kwamba hupunguza uvimbe huu. Mwanangu aliipata, na uvimbe ukapungua. Hata hivyo, mpaka leo tunamfunika jicho lisilo na tatizo kwa saa kadhaa kila siku ili lile lililochelewa lilazimike kufanya kazi, naye hulia tunapomfunga kitambaa. Laiti tungefika mapema, huenda tusingekuwa na kazi hii.

Muuguzi wa Watoto

Mama Sabra, siwezi kumpima mtoto kwa maandishi, lakini ulivyoeleza kunafanana sana na pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Kwa watoto wachanga huanzia mara nyingi mashavuni, kisha hushika mikono na miguu kwa upande wa nje. Inawezekana pia kwamba haikutambuliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi: kwenye ngozi nyeusi wekundu unaosomwa vitabuni hauonekani vile; utaona zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na pengine vipele vidogo vinavyoparuza mkononi. Kabla ya yote, mtazame katikati ya vidole, viganjani na kwenye nyayo, na uulize kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna usiku. Kama yupo, huenda ni upele wa kuambukiza, na huo hutibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja.

Si kila mwenye pumu ya ngozi anahitaji bingwa. Daktari wa kawaida anaweza kuanza kwa mafuta ya kulainisha na krimu isiyo kali ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha, na wengi hupata nafuu. Rufaa iombwe pale matibabu sahihi yanapotumika wiki kadhaa bila mabadiliko, ngozi inapopata usaha mara kwa mara, uzito unapokwama, au mtoto na mama wanapokosa usingizi. Watu hulipuuza hilo la usingizi, nami sikubaliani nao. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo uliyotuandikia, na yale madoa ya damu kwenye shuka uyataje. Yanaeleza ukali wa ugonjwa kuliko kusema "anajikuna".

Krimu ya jirani inanitia wasiwasi. Soma jina la dawa kwenye tyubu. Ukikuta clobetasol, hiyo ni steroidi kali mno kwa uso wa mtoto, kwa kuwa ngozi ya mtoto ni pana ukilinganisha na uzito wake, hivyo dawa nyingi zaidi huingia mwilini. Na kama ugonjwa ni fangasi, steroidi huuficha tu huku unaendelea kuenea. Lakini msiziogope steroidi zote; ile inayofaa, kwa kipimo kinachofaa, ndiyo inayomwezesha mtoto kulala.

Kuhusu mayai, namheshimu bibi, lakini msimwondolee mtoto chakula kwa kukisia. Kwa mfano, utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ingawa ulihusu karanga na si mayai, uliwafuatilia watoto waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, waliojiunga wakiwa na miezi 4 hadi 11. Waliopewa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa nazo. Wenye pumu kali ya ngozi huenda wakahitaji kupimwa kwanza, kwa hiyo swali hilo nalo mpelekee bingwa.

Mama wa Pacha

Nakubaliana na Muuguzi kuhusu krimu za kuazimana. Mmoja wa pacha wangu alikuwa na mapunye, nami nikampaka krimu karibu mwaka mzima, bila kujua kwamba fangasi wa kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe, ambako krimu haifiki, na kwamba dawa yake ni ya kumeza. Amebaki na sehemu mbili zisizoota nywele. Utakapokwenda, beba kila tyubu uliyotumia, na umpige mtoto picha kwenye mwanga wa mchana siku ambazo hali ni mbaya, maana siku ya miadi ngozi inaweza kuwa imetulia.

Mama Sabra

Nawashukuru nyote. Nimesoma tyubu: ina clobetasol pamoja na dawa ya fangasi. Nimeiweka kando. Vidoleni hana kitu, na nyumbani hakuna mwingine anayejikuna. Leo nimeomba rufaa na nimepewa miadi ya wiki tatu zijazo. Nifanye nini hadi siku hiyo?

Muuguzi wa Watoto

Umefanya vyema kunijibu. Mweleze daktari aliyekupa rufaa kuhusu tyubu hiyo, na umwombe krimu isiyo kali ya kutumia kwa sasa. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, bila sabuni yenye manukato, na mara tu unapomfuta mpake mafuta mazito yasiyo na harufu, mengi, angalau mara mbili kwa siku. Mkate kucha. Akiamka usiku kujikuna, mpake tena. Akipata homa pamoja na malengelenge yaliyokusanyika au vidonda vidogo vya mviringo vilivyochimbika, hasa karibu na macho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.