Ulijuaje kama hosti yako inakubali SSI? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Chumbageni: Wakuu, salaam. Natunza tovuti ya nyumba ya wageni ya mjomba hapa Tanga, kurasa 34 za HTML tupu. Namba ya simu ilipobadilika nilikesha nikihariri mmoja mmoja, na mbili nikazisahau. Wageni wa Mapango ya Amboni wakawa wanapiga namba iliyokufa. Ndipo nikaambiwa kuhusu SSI (Server Side Includes): kinachojirudia, kama menyu ya viungo au namba ya simu, unakiandika kwenye faili moja, na seva (kompyuta inayotoa kurasa) inakichomeka kila ukurasa. Nikawauliza wenye hosti, yaani kampuni inayohifadhi tovuti, wakajibu "tunasapoti kila kitu". Kila kitu! Nikapima mwenyewe kwa faili jaribu.shtml (mwisho wa .shtml ndio wa kurasa za SSI), mstari mmoja tu wa kuagiza seva iandike tarehe na saa:

`<!--#echo var="DATE_LOCAL" -->`

Nikafungua, peupe. Kuangalia chanzo cha ukurasa, mstari umo vilevile nilivyouandika. Yaani seva haikuugusa, na brauza huuona kama maoni ya HTML, haiuonyeshi. Nyie mlipimaje?

Kaole: Mimi wa Bagamoyo nilipoteza siku nzima, kumbe nabofya faili lililo kwenye kompyuta yangu. SSI inafanywa na seva, kwenye diski yangu seva itoke wapi? Msinicheke.

Dada wa Ngamiani: Peupe si mwisho, Mgosi. Kama seva inatumia programu ya Apache, weka hii kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya folda:

`Options +Includes`
`AddType text/html .shtml`
`AddOutputFilter INCLUDES .shtml`

Ila ifanyie kwenye folda ya pembeni. Hosti ya kwanza ilinikubalia. Nilipohamia nyingine nikaibandika kwenye folda kuu, tovuti nzima ya mteja wangu wa kanga ikatoa kosa 500 (seva imeshindwa kutoa ukurasa), kwa kuwa pale hawaruhusu Options. Alinipigia simu kabla sijafika kuifuta.

Kaole: Na ukiona sentensi ya Kiingereza kwamba kosa limetokea wakati wa kushughulikia agizo, usihuzunike. SSI ipo, labda umekosea njia ya faili.

Fundi Pangani: Kwenye nginx, programu nyingine ya seva, .htaccess haisomwi kabisa. SSI huwa imezimwa mpaka mwenye seva aandike `ssi on;`. Na chungeni nafasi: kati ya `<!--` na `#` isiwepo, kabla ya `-->` iwepo. Hilo lilinila wiki.

Mgosi wa Chumbageni: Dada, Mungu akuzidishie. Mistari yako imekubali, tarehe imetoka. Ila saa ni za huko seva iliko: inaniambia alfajiri, na hapa jua liko utosini.