Mwaka wa honazi katika sayansi: nichague mradi upi kati ya hii miwili?

Chipukizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya biolojia na nimekubaliwa kuendelea na mwaka wa honazi, ambao kwetu nusu yake ni masomo ya darasani na nusu ni utafiti unaoishia kwenye tasnifu. Wasimamizi wawili wako tayari kunipokea, na ninatakiwa kuwajibu wote kabla mwezi huu haujaisha.

Mradi wa kwanza uko katika maabara kubwa ya profesa anayejulikana sana. Ningechunguza jeni moja ya bakteria inayodhaniwa kuhusika na ujenzi wa utando, yaani lile tabaka la ute ambamo bakteria hujikinga dhidi ya viuavijasumu. Kazi ingeanza kwa kuiondoa jeni hiyo na kuangalia kama utando bado unajengeka. Mradi wa pili uko kwa mhadhiri kijana mwenye wanafunzi wawili tu, nao ni kupima jinsi chumvi iliyomo kwenye maji inavyoathiri uotaji wa mbegu. Wenzangu wote wananihimiza nichukue wa kwanza, kwa kuwa huo wa pili, wanasema, ni jaribio la shule ya sekondari. Nia yangu ni kufika shahada ya uzamivu, na ninaogopa kwamba mradi mdogo utaniziba njia. Ninyi mliokwisha kupita huko, mnashauri nitumie kigezo gani?

Tafakuri amejibu:

Kwa faida ya wasomaji wengine nianze na jina, kwa sababu linawachanganya wengi. Shahada ya honazi si shahada ya heshima. Hiyo ya heshima hutunukiwa mtu kwa mchango wake bila kuisomea, ilhali honazi husomewa na kutahiniwa. Nchini Australia kwa kawaida ni mwaka wa nne baada ya miaka mitatu ya shahada ya kwanza. Afrika Kusini ni sifa inayojitegemea, iliyowekwa ngazi ya 8 katika mfumo wa taifa, kati ya shahada ya kwanza ya ngazi ya 7 na uzamili wa ngazi ya 9. Uskoti ni mwaka wa nne wa shahada yenyewe.

Tofauti hizo zinagusa swali lako. Mahali ambapo daraja la juu la honazi linaweza kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye uzamivu, kama inavyowezekana Australia, alama ya tasnifu ina uzito mkubwa kuliko jina la maabara. Kabla ya kulinganisha miradi, soma mwongozo wa idara yako ujue tasnifu ina asilimia ngapi ya alama zote na inatahiniwa na nani. Mtahini husoma kilichoandikwa. Umaarufu wa profesa wako hauongezi hata alama moja.

Hadubini amejibu:

Mdogo wangu Chipukizi, nimewasimamia wanafunzi wa mwaka huu kwa muda mrefu, na nitasema bila kuzunguka: swali la kuuliza si mradi upi ni mkubwa, bali ni mradi upi utakupa jibu linaloweza kuandikwa hata kama matokeo hayatakuwa yale mnayoyatarajia. Muda ulio nao ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye kalenda. Ukitoa masomo ya darasani, mitihani, majuma ya kusubiri vitendanishi vilivyoagizwa na miezi ya mwisho ya kuandika, siku za maabara zinazobaki ni chache mno.

Uangalie mradi wa bakteria kwa macho hayo. Kila kitu ndani yake kinategemea hatua ya kwanza, yaani kupata bakteria wasio na jeni hiyo. Ikiwa jeni ni ya lazima kwa uhai wao, hutawapata kabisa. Ukiwapata na utando ukapotea, bado utalazimika kuirudisha jeni ndani yao na kuona kama utando unarejea, la sivyo mtahini atauliza, na atakuwa na haki, kama chanzo si badiliko jingine lililotokea kwa bahati mahali pengine kwenye jenomu. Hizo ni kazi tatu, na ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kukamilika. Kwa hiyo mwulize profesa jambo moja la wazi: je, bakteria hao wameshatengenezwa na wamehifadhiwa kwenye friza, au ni wewe utakayeanza kuwatengeneza? Wakiwa tayari, mradi ni mzuri sana na ninakuhimiza uuchukue.

Jambo la pili ni nani atakuwa karibu nawe. Katika maabara kubwa, mara nyingi profesa si yeye atakayekuonyesha namna ya kushika pipeti. Ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti aliyehitimu karibuni, na mtu huyo anaweza kuwa mwalimu bora kuliko profesa mwenyewe, au anaweza kuwa anaondoka katikati ya mwaka. Omba kukutana naye. Kisha zungumza na waliomaliza mwaka jana katika maabara zote mbili, uwaulize rasimu zao za tasnifu zilikaa kwa msimamizi siku ngapi kabla ya kurudi. Mimi hukitegemea kipimo hiki kuliko orodha ya machapisho, kwa sababu kuandika kisayansi hufundishwa kwa rasimu kusomwa na kurudishwa, tena na tena.

Chipukizi ameandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimemwuliza profesa, naye amenijibu kwa uungwana kwamba bakteria hao bado hawajatengenezwa, ila ana matumaini. Kwa upande wa mbegu, mhadhiri amenionyesha mpango wa awali: viwango vinne vya chumvi kuanzia sifuri, sahani moja ya petri kwa kila kiwango, na mbegu 50 katika kila sahani. Je, mbegu 200 zinatosha kwa tasnifu ya honazi?

Hadubini amejibu:

Hapo ndipo mradi unaodharauliwa unapoonyesha kina chake. Katika mpango huo huna sampuli 200, una sahani nne, na kila kiwango cha chumvi kina sahani moja tu. Mbegu zilizomo ndani ya sahani moja zinashiriki maji yaleyale, karatasi ileile na pembe ileile ya kiatamizi, yaani kabati la kutunzia joto. Ikiwa sahani moja ilikauka kidogo au ilipata ukungu, mbegu zote 50 zitaathirika kwa pamoja, na takwimu zako zitaiita athari hiyo kazi ya chumvi. Kosa hili la kuhesabu vipimo vya ndani ya kizio kimoja (yaani kitu kimoja kinachopewa jaribio, hapa sahani) kana kwamba ni vizio vingi lilielezwa kwa kirefu na mwanaikolojia Stuart Hurlbert mwaka 1984, na hadi leo ninalikuta kwenye rasimu za wanafunzi hodari kabisa.

Idadi ya sahani hukokotolewa kabla ya jaribio. Kwa kulinganisha makundi mawili kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5 (uwezekano unaokubalika wa kuona tofauti isiyokuwapo), ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti iliyo sawa na mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi sahani za kundi moja zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe), unahitaji takribani sahani 17 kwa kila kundi. Tofauti ikiwa nusu ya hiyo, idadi inapanda hadi takribani 64. Ikiwa mara mbili yake, sahani 6 zinatosha. Kwa hiyo fanyeni jaribio dogo la awali mjue sahani zinatofautiana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe, kisha gawa mbegu chache kwenye sahani nyingi na upange nafasi zake ndani ya kiatamizi kwa kura.

Tena, swali lenyewe linaweza kuzamishwa zaidi. Kujua kwamba chumvi huzuia uotaji hakutoshi, kwa sababu inajulikana. Inazuiaje? Chumvi huifanya mbegu ishindwe kuvuta maji, na pia ayoni za sodiamu na kloridi zinaweza kuidhuru zenyewe. Ili kuzitenganisha njia hizi mbili, andaa myeyusho wa polietilini glikoli, kemikali isiyo chumvi, wenye mvuto wa maji sawa na ule wa chumvi, kwa kuwa molekuli zake ni kubwa na kwa sehemu kubwa haziingii ndani ya seli. Halafu mbegu zisizoota kwenye chumvi zihamishie kwenye maji safi: zikiota, zilikuwa zimekosa maji tu; zisipoota, huenda zimedhurika. Kila jibu kati ya hayo linaandikika, na hakuna mwanasekondari anayelifanya jaribio la namna hiyo.

Mwanafizikia amejibu:

Ninaongeza kidogo kutoka upande wetu, kwa sababu hofu ya kutopata matokeo huwashika hata wanafunzi wa fizikia. Mwaka 1887 Michelson na Morley waliweka kifaa chao cha mwanga juu ya jiwe zito lililoelea kwenye zebaki, wakitafuta athari ya mwendo wa dunia ndani ya etha, dutu isiyoonekana iliyodhaniwa kujaza anga na kubeba mwanga. Nadharia ya wakati huo ilitabiri mistari ya mwanga isogee kwa takribani 0.4 ya upana wa mstari mmoja. Walichokiona kilikuwa kidogo mno kuliko hapo. Kutokuona kwao kuliheshimiwa kwa sababu kifaa kilikuwa na uwezo wa kuona, kama etha ingekuwapo. Ndiyo maana ya hesabu ya sahani aliyokupa Hadubini: ukikosa tofauti kwa sahani 6 ulizozikokotoa mapema, una tokeo, ukiikosa kwa sahani moja, huna la kumwambia mtahini.

Chipukizi ameandika:

Nimemwandikia profesa barua ya shukrani, nikamwomba nihudhurie mikutano ya maabara yake kila inapowezekana, naye amekubali. Kwa mhadhiri nimepeleka mpango mpya wenye sahani 8 kwa kila kiwango katika jaribio la awali, pamoja na kundi la polietilini glikoli. Ameniuliza nimeitoa wapi idadi hiyo ya 8, na nimegundua kwamba siwezi kuitetea. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayoenea kwenye rafu moja ya kiatamizi. Juma hili ninaanza na hesabu.

Hadubini amejibu:

Rafu nayo ni kizio, mdogo wangu, maana joto la rafu ya juu na la chini hulingana kwa nadra. Kila rafu iwe na sahani za viwango vyote, na rafu iingizwe kwenye uchanganuzi. Weka kipimajoto kwenye kila rafu kwa siku tatu kabla ya kupanda mbegu ya kwanza.