Hivi Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, tushawahi kushinda hata mechi moja AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika)?

Dogo wa Mbagala: Wakuu kwema? Kijiweni kwetu tumebishana mpaka basi, jamaa mmoja anakomaa eti Stars ilishinda mechi AFCON ya 1980 kule Nigeria, mimi nasema hatujawahi popote. Anayejua amalize ubishi maana Desemba hii ya 2025 ndo tunaenda AFCON ya Morocco na kundini tuna Nigeria, Tunisia na Uganda.

Mzee wa Ilala: Hatujawahi mdogo wangu. 1980 tulianza na wenyeji Nigeria wakatupiga 3-1, goli letu la Juma Mkambi, Misri wakatufunga 2-1, tukamaliza na Ivory Coast 1-1, magoli yetu ya mechi hizo mbili alifunga Thuwein Ally. Ila msiidharau ile timu jamani. Enzi hizo zinaenda timu nane tu Afrika nzima, na sisi tuliitoa Zambia, kwetu 1-0, kule Ndola 1-1 Peter Tino akasawazisha, mpaka leo mtu wa rika langu ukimtajia Tino anasisimka. Baada ya hapo hatukurudi tena mpaka 2019.

TemekeDamu: Na hiyo 2019 ndo inaniuma mpaka kesho. Senegal 2-0 na Algeria 3-0 sawa, hao ndo waliocheza fainali, lakini Kenya?? Msuva kafunga mapema, wakarudisha, Samatta kaweka la pili hapo hapo, tunaenda mapumziko tunaongoza halafu mechi inaisha 3-2 kwao, Olunga kapiga mbili.

Kona ya Kigamboni: Ugonjwa ni huo huo, tukiongoza tunarudi nyuma wote. AFCON ya kule Ivory Coast 2024, ukiacha zile 3 za Morocco, Zambia wako pungufu tangu kipindi cha kwanza, Msuva keshafunga, dakika ya 88 Clatous Chama anachonga kona, Chama huyu huyu wa ligi yetu tunayemjua wote!, Daka anaruka peke yake kichwa wavuni. 1-1. Na DR Congo suluhu. Kwa hiyo mechi tisa, sare tatu, vipigo sita.

Dogo wa Mbagala: Asanteni wakuu nampelekea simu asome mwenyewe. Sasa ushindi wa kwanza mnauona kwa nani?

Mzee wa Ilala: Uganda. Machi 2019 tuliwachapa 3-0 hapa hapa Uwanja wa Mkapa ndo tukafuzu, Msuva, Nyoni kwa penati na Aggrey Morris. Wanafungika hao, ila tukipata la kwanza tutafute la pili, tusipaki basi.