Nina kipozeo cha maji, volteji ya prosesa naweza kupandisha mpaka wapi?

mrenda_video
Wakuu habari za jioni. Nina mashine yenye prosesa ya Intel i7-8700K, kipozeo cha maji chenye rediaita ya milimita 240, naitumia kurenda video hapa Dar. Saa hizi iko 4.8 GHz kwa volti 1.25 na haina shida, nikiweka 5.0 inapiga skrini ya bluu muda si mrefu, nikaiachia baiosi ijipangie yenyewe, ikapandisha hadi 1.40 na ushee, sasa haizimi ila joto linagonga nyuzi 95. Jamaa wananiambia ukishakuwa na maji we pandisha tu. Ni kweli?

fundi_waya
Mkuu usiwasikilize kabisa. Maji kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rediaita, basi. Volteji ikizidi inaumiza chipu hata kama kipozeo ni kizuri, mkondo mkubwa unasukuma atomu za chuma kwenye vile vijinyaya vya ndani, taratibu taratibu, baadaye spidi ileile inaanza kudai volti zaidi. Angalia yaliyozikuta prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14, mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba volteji iliyozidi inaziharibu, wakatoa maikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa kwa ndani) yenye ukomo wa volti 1.55 na kuongeza waranti miaka 2. Hiyo 1.55 usije ukaichukua kama kipimo chako, zile ni chipu nyingine.

Halafu piga hesabu. Joto linapanda kwa volti mara volti, mara spidi. Kutoka 1.25 na 4.8 kwenda 1.40 na 5.0 unaongeza joto karibu asilimia 30, unapata spidi asilimia 4. Kwangu mimi hiyo biashara hailipi.

baridi_kali
Kuongezea hapo, 8700K ndani kati ya chipu na kile kifuniko cha chuma wameweka pesti ya kupitisha joto, hawajalehemu. Joto linakwama pale kabla hata halijayafikia maji, ndio maana hata ukinunua rediaita kubwa zaidi utaona nyuzi chache tu zimepungua. Na maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, sasa chumba cha Dar mwezi wa pili bila AC unakijua mwenyewe.

Kama bado unaitaka 5.0, toa auto, weka volti kwa mkono, anza 1.30 upande kwa 0.01 kila inapogoma, mimi 1.35 nisingevuka kwa matumizi ya kila siku. LLC (mpangilio wa baiosi unaozuia volti isishuke mzigo ukiingia) weka ya katikati, ile ya juu kabisa inarusha volti kuliko ulichoandika pale mzigo unapoachia ghafla. AVX ipunguzie 2. Fungua programu ya HWiNFO usome volti halisi wakati mashine ina mzigo.

mrenda_video
Asanteni sana. Hiyo ya AVX sijaielewa, kwangu inabadilisha nini?

fundi_waya
Inabadilisha kila kitu. AVX ni amri za prosesa za kupiga hesabu nyingi kwa mkupuo, zinaleta joto sana. Ukipunguza 2, programu ikianza kutumia AVX prosesa inashuka yenyewe toka 5.0 hadi 4.8, na x265, ile programu ya kubana video, inatumia AVX2, yaani kwenye kurenda utarudi palepale ulipo leo huku umeshapandisha volti. Kwa mtu wa gemu ningesema jaribu, kwa kazi yako baki 4.8 halafu fanya kinyume, shusha volti kidogokidogo, 1.24, 1.23, kila hatua iache irende video ndefu uone kama inahimili. Kazi ya mteja isimame katikati kwa ajili ya 200 MHz, hapana kaka.

baridi_kali
Nakubali, kwa x265 yuko sahihi. Ila mrenda, kabla hujagusa volti tena hakikisha pampu inazunguka spidi yote muda wote, na kama imekaa juu kuliko rediaita hamisha rediaita iende juu, hewa inakusanyika sehemu ya juu kabisa na pampu haitakiwi kuvuta hewa.